Sauti Yangu Iliyompigia Mwanangu

Chumba cha Ushonaji,
Nyuma ya karakana ya seremala,
Tarehe 4, mwezi wa tisa.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetupa mama mmoja na baba mmoja. Hujambo huko? Wifi yangu hajambo, na wale wanao wawili wanaoniita shangazi kwenye simu huku macho yao yako kwenye kitu kingine? Mwezi wa sita wifi aliniambia jicho lako la kushoto linatoka machozi kwa kukodolea kompyuta kutwa nzima. Limepona? Ulimwona daktari, au umelifunika kwa miwani mipya kama kawaida yako ya kufunika mambo? Nimekuwa nikilitaja jicho hilo katika sala zangu kila asubuhi kabla sijafungua mlango wa chumba cha ushonaji.

Sisi tu wazima kwa rehema zake. Shemeji yako bado yuko karakana. Mgongo umekataa mbao nzito, ila ulimi haujaenda likizo. Mimi nashona sare za wauguzi na za wanafunzi kama zamani. Goti langu la kulia ni lile lile. Likumbuke goti hilo, utakutana nalo tena huko mbele.

Najua utashangaa kuona karatasi. Mara ya mwisho kukuandikia kwa kalamu ulikuwa bwenini, nilikuwa nakukumbusha kufua soksi. Si kwamba simu yangu imeharibika. Simu ni nzima, na sauti yangu ni nzima pia, na hiyo sauti ndiyo iliyonifikisha hapa. Soma polepole, usiruke mistari. Nina uchungu, mdogo wangu, na fungu moja la uchungu huo ni lako.

Ni habari za mpwa wako. Jina la Komeo ulimpa wewe, alipokuwa na miaka minne, kwa vile kila jioni alizunguka nyumba nzima akigusa makomeo ya milango na madirisha, kisha akaja kututangazia, "Tumefunga, laleni." Tukacheka, jina likakaa. Lilikuwa jina la humu ndani tu. Shuleni hawakulijua, kazini hawakulijua. Nimeliandika hapa kwa woga, na utaona kwa nini.

Ulipotutembelea miaka mitatu iliyopita ulikaa juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, ingawa nimekukataza tangu utoto kukalia meza, ukamwambia, "Mpwa wangu, kazi hii umezaliwa nayo. Jifunze ulinzi wa kompyuta. Matapeli hawataisha, kwa hiyo kazi haitaisha." Ukamweleza kwamba mtu huanzia chini, kwenye chumba cha kengele, ambako vijana hukaa mbele ya skrini wakipokea maonyo na kutenganisha la kweli na la uongo, na kutoka hapo hupanda. "Hata mimi nilianzia hapo," ulisema.

Nilikuamini, kwa sababu na kazi yangu ndivyo ilivyo. Anayejifunza kwangu huanza kwa kufumua. Miezi mitatu anafumua mishono ya watu na kukaza vifungo, na katika kufumua huko jicho lake linajua nguo imesimamaje. Simpi mkasi mtu ambaye hajafumua. Kwa hiyo uliposema aanze kwenye kengele, nilisema moyoni, huyu ndugu yangu anajua asemalo.

Alisoma, Mungu ni shahidi. Alisoma kitabu kikiwa kimeegemezwa kwenye cherehani huku akinikazia vifungo. Mwaka jana kampuni moja ya hapa inayolinda kompyuta za hospitali na za ofisi kubwa ikamchukua kwa mafunzo ya kazini, yeye na wenzake wanane. Chumba chao hakina madirisha. Kina skrini ukuta mzima, viti vya magurudumu na jagi moja la maji. Siku moja alirudi anang'aa uso kama mtu aliyepata mtoto. Aliona kengele ndogo ambayo wengine waliipuuza: karani wa hospitali fulani ameingia kwenye kompyuta saa nne asubuhi. Kuna ubaya gani karani kuingia kazini saa nne? Yeye akakumbuka kwamba wiki ile karani huyo yuko likizo ya uzazi. Aliyeingia kwa jina lake alikuwa mwizi. Wakamfungia nje. Siku hiyo nilipiga magoti, goti langu likapiga kelele, nikashukuru hivyo hivyo.

Kisha ikaja hiyo akili mnemba. Mwanzoni waliambiwa ni msaidizi wao. Kazi yao ikawa kuandika, chini ya kila kengele, kwa nini wameamua ni ya kweli au ya uongo. Waliandika hivyo miezi minne, wote tisa, kwa bidii, maana waliambiwa anayeeleza vizuri ndiye atakayeajiriwa. Kumbe walikuwa wanaifundisha. Ilipohitimu yenyewe, ikawa inapanga kengele elfu moja mtu hajamaliza kupiga chafya. Wakaondolewa sita kati ya tisa. Shemeji yako aliposikia alisema, "Yaani mmemkaribisha mgeni jikoni, mkamfundisha kupika, sasa amewafungia nje na sufuria zote anazo yeye." Mpwa wako hakucheka. Alikuwa mmoja wa wale watatu waliobaki, na wawili ndio wangeajiriwa.

Sasa sikiliza kosa langu.

Ilikuja barua nyumbani, karatasi nzuri, nembo juu. Kampuni inaandaa siku ya familia, ikawaomba wazazi wa vijana hao watatu watume ujumbe wa sauti wa dakika moja au mbili, kuwatakia heri watoto wao, utakaochezwa mbele ya wote. Chini kulikuwa na mahali pa kutia sahihi, na juu ya sahihi maandishi madogo kama mayai ya chawa. Nilitia sahihi kwa chaki ya kukatia, kisha nikaona aibu nikarudia kwa kalamu. Sikusoma. Nani anasoma maandishi hayo pale anapoombwa kumbariki mwanawe?

Nilivaa gauni langu la ibada. Shemeji yako akanikuta nimesimama wima mbele ya simu, akauliza, "Mke wangu, unajipamba kwa ajili ya sauti?" Nikamwambia, "Baraka haitolewi kwa nguo za kazini." Nilirekodi mara tatu, mara mbili za kwanza machozi yakaziharibu. Nikasema, "Komeo wangu, mwanangu, ni mimi mama yako. Mungu akushike mkono pale ambapo wangu haufiki. Tangu goti langu liugue wewe ndiye unayenishusha ngazi. Na yeye akushushe na kukupandisha." Na mengine kama hayo, dakika mbili kamili. Nikatuma, nikarudi kwenye cherehani nikiwa mwepesi.

Siku ya familia haikuwepo kamwe.

Jumanne ya wiki iliyofuata, saa tano asubuhi, mpwa wako akiwa zamu, simu yake iliita. Ilikuwa mimi. Ninaandika hivyo kwa sababu yeye hata leo hawezi kusema vinginevyo. Sauti yangu, kikohozi changu kidogo cha mwanzo, kila kitu. Ikamwambia, "Komeo, mwanangu, ni mimi. Goti limeniacha kwenye ngazi, nimeanguka. Niko zahanati. Wanataka uthibitishe ile bima ya wazazi, wamekutumia fomu. Fanya haraka, mwanangu, naumia."

Mdogo wangu, mtoto huyu amefundishwa. Anajua sauti inaweza kuigizwa. Amewafundisha hata mama wenzangu wa kikundi cha sala wasiamini kila anayelia kwenye simu. Lakini nambari haikuwa yangu, naye akadhani ni ya zahanati. Bima yetu kweli iko kwa jina lake kazini. Goti kweli ni bovu. Na lile jina. Hakuna mtu duniani nje ya mlango wetu anayelijua, isipokuwa wewe. Akafungua fomu kwenye kompyuta ya kazi, ikamwomba neno la siri la kazini, akaliandika. Hakungoja kuona kinachofuata. Alichukua mkoba akatoka mbio hadi zahanati yetu, na asiponikuta akakimbilia chumba cha ushonaji.

Alinikuta nimeketi, pini mdomoni, napima bega la sare ya muuguzi, na muuguzi mwenyewe kasimama mbele yangu. Alikuwa anahema, jasho mpaka shingoni. "Mama, nani kakuleta?" Nikatoa pini. "Kunileta wapi?" "Umeanguka." "Nianguke wapi, mtoto, na nimekaa?" Akanigusa goti, akanigusa uso, akakaa chini sakafuni katikati ya vipande vya kitambaa. Nilidhani anacheka. Hakuwa anacheka.

Aliporudi kazini alikuta skrini yake imeandikwa kwa maandishi mekundu kwamba lile lilikuwa jaribio, na kwamba ameshindwa. Si wezi waliopiga. Ni kampuni yake. Walichukua baraka yangu wakailisha ile mashine yao, ikajifunza kuwa mimi.

Msimamizi wake alimwambia kwa upole, na huo upole ndio unaonichoma, "Wadukuzi hawana huruma, na sisi tukiwahurumia nyinyi kwenye mafunzo tunawadanganya." Mpwa wako akamjibu, "Lakini wadukuzi hawakumwandikia mama yangu barua yenye nembo." Hapo nilijivunia ulimi wa baba yake. Haukumsaidia. Waliajiriwa wale wengine wawili; mmoja mama yake ni bubu na ujumbe wa sauti aliutuma shangazi, na mwingine hakupokea simu kwa sababu alikuwa msalani. Hivyo ndivyo walivyofaulu.

Nilikwenda huko. Ndiyo, mimi, na goti langu, ngazi za ghorofa tatu kwa sababu kile chumba cha kupandia, lifti, kiliniogopesha. Nilimwambia msimamizi sitaki ugomvi, nataka sauti yangu. Akanipa maji kwenye glasi. Akaniambia, "Mama, tutaufuta ujumbe wako, lakini kile ambacho mashine imeshajifunza kimechanganyika humo ndani, hakitoki." Nikamwambia, "Baba, nimeshona miaka ishirini na saba, sijakutana na mshono nisioweza kuufumua." Akatabasamu kama mtu anayesikia habari za zamani. Kisha akanionyesha sahihi yangu. Ya kalamu, na chini yake vumbi la chaki. Nilishuka ngazi kinyumenyume nikishika ukuta, maana aliyezoea kunishusha hakuwepo.

Tangu hapo nyumba imekuwa kama kituo cha polisi. Tumekubaliana kwamba yeyote akipiga simu aulizwe swali la nyumbani. Juzi shemeji yako alinipigia kutoka karakana, nikamwuliza, "Cherehani yangu ya pili imevunjika nini?" Akasema, "Mwanamke, nina njaa." Nikakata. Akapiga tena, "Imevunjika moyo kwa kuishi na wewe." Nikakata tena. Alikuja mwenyewe kwa miguu, kakasirika, akakuta chakula kimepoa. Ni kicheko pekee tulichokipata miezi hii, na hata hicho kilikuwa na mchanga ndani.

Na mtoto haniruhusu tena nimwite kwa lile jina. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Mama, usiniite hivyo. Nikilisikia, najikuta natafuta mkoba nitoke mbio." Hata kumbariki siwezi. Asubuhi moja niliweka mkono kichwani pake, nikaanza, "Mungu akushike mkono," nikauona mwili wake unashtuka. Sala ikaishia hapo, mkono ukabaki pale juu kama sahani iliyosahauliwa. Miaka ishirini na nne ninamwombea mtoto huyu, leo maneno yangu mwenyewe yamekuwa kengele ya uongo.

Sasa nakuja kwako.

Mambo yalipomfika alikuandikia wewe. Ulimjibu siku hiyo hiyo, nilishukuru nikidhani umeumia kama sisi. Akanisomea. Ulimpa mambo saba ya kufanya, kila moja na nukta yake mbele, yote yamenyooka: ajenge misingi, apate cheti, ajifunze kuitumia akili mnemba badala ya kuiogopa, ajiunge na wenzake wa fani. Mwisho ukamtakia kila la heri katika safari yake. Alipomaliza akaniangalia. "Mama," akasema, "huyu si mjomba."

Nilikutetea. Nikasema mjomba wako amesoma, watu waliosoma huandika hivyo. Lakini mimi ndiye niliyekufundisha kuandika, juu ya mfuko wa unga, kwa mkaa. Nukta hujawahi kuiweka mahali pake hata siku moja. Na wewe hujawahi kumtakia mtu yeyote kila la heri katika safari yake; wewe humwambia mtu, "Haya, nenda, ukianguka nitakucheka kwanza ndipo nikuinue." Hayo ndiyo maneno aliyokuwa anayangoja. Kama umechoka, ungemwambia umechoka. Kuliko kumpa mtoto aliyeumizwa na mashine jibu la mashine.

Ningeweza kuishia hapo na kukununia mpaka Mungu atulainishe. Lakini kuna jambo, na lina tarehe.

Wiki mbili zilizopita kampuni ile ile ilimwandikia tena. Wanamtaka arudi. Kwenye kengele hakuna nafasi, huko chini mashine imejaa. Wanamtaka kwenye kitengo cha majaribio, cha kutunga simu hizo na barua hizo za kuwanasa wafanyakazi wa watu, ili wajue nani dhaifu. Msimamizi ameandika kwamba kushindwa kwake kumewafundisha kitu, kwamba jina la nyumbani lina nguvu kuliko yote waliyojaribu, na kwamba mtu aliyeumwa hivyo atajua pa kuuma. Anatakiwa kujibu kabla ya mwezi huu kwisha.

Nilidhani ataichana. Ameikunja, ameiweka ndani ya kitabu chake. Nilimwuliza, akanijibu akiwa anaosha vyombo, bila kugeuka: "Mama, nimetafuta miezi hii yote. Kila mahali wanataka mtu mwenye uzoefu wa miaka mitatu, na mahali pa kuupatia wamepatoa. Huu ndio mlango uliobaki kwa anayeanza." Baba yake akasema, "Basi ukapige simu za kuwaliza mama za watu?" Akasema, "Wasipojaribiwa na mimi watajaribiwa na mwizi, baba." Baba yake akachukua kitambaa, akaanza kufuta sahani alizosuuza. Nilisoma mpaka darasa la saba, na jambo hili halikuwemo.

Nimesali juu yake, na nakwambia ukweli wangu: sijasikia kitu. Siwezi kumkataza, maana ni kazi halali na ana akili yake. Siwezi kumruhusu kwa moyo mweupe, maana najua atakaa kwenye chumba kisicho na madirisha akitafuta jina ambalo mama fulani humwita mwanawe. Na wewe ndiye pekee katika ukoo huu unayejua ndani ya nyumba hizo kukoje.

Kwa hiyo nakuuliza bila kuzunguka, dada kwa mdogo wake. Na wewe huko, kazi yako ni hiyo? Miaka yote hii nikiulizwa na majirani nasema ndugu yangu ni mlinzi wa kompyuta. Umewahi kuchukua sauti ya mzazi wa mtu? Kama umewahi, sitakufukuza, wewe ni damu yangu. Lakini mwambie mpwa wako mambo hayo yalivyo, na unalalaje, na kama ngazi uliyoipanda bado ina vipandio vya chini au alikuwa anapanda hewa tangu siku ile ulipokalia meza yangu. Mwambie hata kama jibu ni hujui. Atalibeba hilo vizuri kuliko yale mambo saba.

Andika kwa mkono. Kwa mwandiko wako ule wa kuku, na nukta zako zilizopotea. Hiyo karatasi ataiamini. Na usimwite kwa lile jina. Ulimpa wewe, kama una jingine, mpe, polepole. Kama huna, mwite mpwa wangu, inatosha.

Wasalimie wote. Wifi yangu mwambie mikono yangu inamkumbuka, lile gauni lake la kijani lipo tayari, limebaki pindo. Wanao wawili waambie shangazi anawaombea, ila sitawatumia sauti tena, nitawatumia barua. Mwambie na mama mkwe wako kwamba salamu alizonitumia kupitia wifi nimezipokea. Shemeji yako anakusalimu, anasema ukija ulete jibu la cherehani, yeye bado halijui. Mpwa wako hajui kwamba nakuandikia.

Mungu alitunze jicho lako, na akuonyeshe kwa hilo hilo kitu ambacho skrini haionyeshi. Hii ni baraka ya kalamu, hakuna wa kuiiba.

Kutoka hapa hadi kwako barua hutembea siku tisa, na kurudi tisa, na leo ni tarehe nne. Tafadhali nijibu siku hiyo hiyo utakayoipokea.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimekukasirikia,
Fundi.